AANAT ya tezi pineali haipandi usiku: kosa liko kwenye taa, kwenye barafu au kwenye kipimo?

mwanafunzi_vimengenya

Habari za leo wadau. Naomba macho ya wanaofahamu tezi pineali, tezi ndogo ya ubongo inayotengeneza melatonini usiku. Ninapima utendaji wa kimeng'enya cha arilalkilamini N-asetilitransferasi, yaani AANAT, kwa saa 24. Ndicho kinachogeuza serotonini kuwa N-asetiliserotonini kabla kimeng'enya kingine, HIOMT, hakijaimalizia kuwa melatonini. Matokeo hayafanani na vitabu hata kidogo.

Mpangilio ni huu. Panya wakubwa wa maabara, Wistar, madume ya gramu 200 hadi 250, mwanga saa 12 na giza saa 12, taa zinawaka saa 12 asubuhi. Tezi zinatolewa ZT6, ZT14, ZT18 na ZT22 (ZT ni saa zilizopita tangu taa kuwaka), panya 4 kila wakati. Za usiku zinatolewa chini ya taa nyekundu, na panya wote 4 wanaletwa pamoja kwenye chumba cha upasuaji. Kila tezi inakaa kwenye mrija juu ya barafu ya kawaida mpaka panya wa mwisho aishe, kama dakika 25, halafu zote zinaingia kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Siku ya kupima, tezi inasagwa kwa mawimbi ya sauti kwenye bafa ya fosfati pH 7.4 yenye DTT milimola 1, kemikali ya thioli ya kulinda vimeng'enya. Kisha mikrolita 50 za rojo hiyo zinawekewa triptamini (badala ya serotonini) na asetili-CoA inayotoa asetili, dakika 15 kwa nyuzi 37. CoA inayoachiliwa inapimwa kwa DTNB, inayogeuka njano ikikutana na thioli, kwenye nanomita 412.

Ninachopata: ZT18 inaizidi ZT6 kidogo mno, na ZT14 haina tofauti yoyote na mchana. Mirija isiyo na triptamini nayo inakuwa ya njano kali. Nilijaribu pia vipanya vya C57BL/6, huko sikuona kitu kabisa. Je, tofauti ya usiku na mchana inatakiwa iwe mara ngapi? Na nianze kurekebisha wapi?

bafa_na_pipeti

Mtoa mada, anza na kipimo, maana kwa maelezo haya hata tezi nzuri kabisa isingekuonyesha kitu.

Piga hesabu. Tuseme tezi moja ya usiku inatengeneza nanomoli 10 kwa saa. Kwa dakika 15 ni nanomoli 2.5. Ukiifikisha kwenye mililita 1 ya kusomea unapata mikromola 2.5 za CoA, na rangi ya DTNB kwa ujazo huo ni takribani 0.035 kwenye kipimamwanga. Sasa tazama DTT yako: milimola 1 kwenye mikrolita 50 ni nanomoli 50, na kila molekuli ya DTT ina vikundi viwili vya thioli, kwa hiyo nanomoli 100 za thioli. Unatafuta nanomoli 2.5 ndani ya nanomoli 100! Unjano wa mirija yako isiyo na triptamini ni DTT. Juu yake ongeza glutathioni ya tishu, sisteini za protini zote zilizomo, na vimeng'enya vingine vinavyokata asetili-CoA bila kuhusika na AANAT.

DTNB ni nzuri kwa kimeng'enya kilichosafishwa, kisicho na DTT, tena unaiweka baada ya kukomesha mmenyuko. Ukiiweka wakati mmenyuko unaendelea unajiumiza mara ya pili, kwa sababu DTNB yenyewe ni disulfaidi na AANAT huzimwa na disulfaidi. Sistamini huiua kwa njia hiyohiyo. Ndiyo maana huwezi pia kuamua tu kuiondoa DTT kwenye rojo ghafi na kuendelea na DTNB kama kawaida.

Njia iliyozoeleka ni ya mionzi: asetili-CoA yenye kaboni-14, triptamini, halafu unaivuta N-asetilitriptamini kwa kloroformu. Asetili-CoA haiingii kwenye kloroformu, inabaki kwenye maji. Unaosha kloroformu kwa bafa mara mbili, unaikausha na kuhesabu. Vipimo vyake:

Bafa ya fosfati mola 0.1, pH 6.8, si 7.4. Triptamini milimola 1. Asetili-CoA milimola 0.5. Jumla mikrolita 50 hadi 100. Nyuzi 37, dakika 10 hadi 20.

Asetili-CoA iwemo kwenye bafa kabla tishu haijaingia. AANAT ya usiku ikishatoka kwenye seli hupoteza nguvu haraka kwenye joto, na asetili-CoA huilinda. Watu wengi husaga tezi kwanza, wakaacha rojo mezani huku wakitayarisha mirija, kisha wakaanzisha mmenyuko kwa kuongeza asetili-CoA mwishoni. Hapo robo saa ya kutayarisha mirija imekula matokeo.

Angalia pia kwamba mikrolita 50 za asetili-CoA ya milimola 0.5 ni nanomoli 25 tu. Tezi ya nanomoli 10 kwa saa itakuwa imekula asilimia 10 ndani ya dakika 15. Ukienda dakika 60 ili "upate zaidi", tezi za usiku zitapungukiwa na malighafi ilhali za mchana zitaendelea vizuri, na mdundo wako utabanwa kutoka juu. Kabla ya yote pima tezi moja ya usiku kwa dakika 5, 10, 20 na 30 uone mstari unanyooka mpaka wapi.

Kwa nini triptamini na si serotonini? Triptamini haina hidroksili, kwa hiyo zao lake HIOMT haiwezi kuligusa. Linabaki lilivyo hadi ulihesabu. Na usiende kutumia amini za benzini kama PABA ukidhani asetili ni asetili. Hizo hupokelewa na N-asetilitransferasi nyingine iliyomo humohumo kwenye tezi, ambayo haina mdundo wa usiku na mchana.

Kuhusu swali la mara ngapi: kwa panya wakubwa, usiku wa manane huizidi mchana kwa makumi ya mara, hata kukaribia 100. Ukipata mara 3 au 4, usiandike kwamba mdundo upo. Andika kwamba kuna kitu kinavuja.

giza_totoro

Mkuu hapo juu kamaliza habari za mrija. Mimi niongelee yanayotokea kabla tezi haijaingia kwenye mrija, na kwa maoni yangu ndiko kosa kubwa zaidi liliko.

Tangu mwaka 1972 inajulikana, kwa kazi ya Klein na Weller, kwamba panya akiwashiwa taa usiku wa manane, utendaji wa AANAT unapungua nusu kila dakika 3 hadi 4. Chukua 3.5. Dakika 7 imebaki robo. Dakika 14 imebaki moja ya kumi na sita. Hakuna vimeng'enya vingi mwilini vinavyofutwa kwa kasi hiyo, na kila hatua ya itifaki yako inabidi ipimwe kwa namba hiyo moja.

Fuata njia ya ishara utaelewa. Jicho lina seli za retina zenye melanopsini, zinazoitikia zaidi mwanga wa buluu wa karibu nanomita 480. Zinapeleka habari kwenye SCN, saa kuu iliyo juu ya makutano ya neva za macho. Kutoka hapo ishara inapita kiini cha PVN kilicho kwenye hipothalamasi, inashuka kwenye uti wa mgongo hadi sehemu ya juu ya kifua, inarudi juu kupitia ganglioni simpathetiki ya shingoni, ndipo inafika kwenye tezi. Safari ndefu kwa kiungo kilicho katikati ya kichwa! Usiku neva hizo zinamwaga noradrenalini. Noradrenalini inashika vipokezi vya beta-1, cAMP (mjumbe wa ndani ya seli) inapanda, na vipokezi vya alfa-1 vinaikuza zaidi. cAMP inaamsha kinasi A, nayo inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuwasha jeni ya AANAT kupitia CREB, protini inayowasha jeni. Ya pili ni kuitia fosfeti protini ya AANAT yenyewe, kwa kondoo kwenye treonini 31 na serini 205, ili protini za 14-3-3 ziikumbatie. Ikikumbatiwa inashika serotonini vizuri zaidi na haisagwi. Mwanga ukiwaka, noradrenalini inakatika, cAMP inaporomoka, fosfeti inaondolewa, 14-3-3 inaachia, na proteasomu, mtambo wa seli wa kusaga protini, inaisaga AANAT. mRNA, yaani nakala ya jeni, bado ipo kwa wingi wakati huo, kimeng'enya ndicho kimetoweka.

Kwa hiyo:

Usilete panya 4 pamoja. Mlete mmoja mmoja ndani ya kasha lisilopitisha mwanga, wengine wabaki chumba kingine. Taa nyekundu iwe hafifu, chini ya lux 1, isielekezwe usoni pa mnyama. Balbu ya kawaida iliyozungushiwa plastiki nyekundu haifai, buluu inapita. Ziba kwa utepe mweusi tundu la kufuli, nafasi chini ya mlango, na vitaa vya kijani na buluu vya mashine. Simu zibaki nje, kioo cha simu ni taa ya buluu.

Kichwa kikishatenganishwa, mwanga si tatizo tena kwa mnyonyeshaji, kwa sababu njia ya ishara inapita kwenye uti wa mgongo na imeshakatwa, na tezi yenyewe haioni. Unaweza kuwasha taa nyeupe ili uone unachofanya, mradi panya anayefuata hayumo chumbani. Adui aliyebaki ni muda: noradrenalini imekatika na tishu bado ina joto. Tezi itoke ndani ya dakika moja na iwekwe moja kwa moja juu ya barafu kavu. Barafu ya kawaida kwa dakika 25 haitoshi, na kugandisha polepole kwenye friza ya kawaida kunaua kilichobaki. Hifadhi kwenye nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri, na usiyeyushe mara mbili.

Tezi ya panya ina uzito wa takribani miligramu 1 na hukaa juujuu, pale hemisferi mbili zinapokutana na ubongo wa nyuma. Mara nyingi hung'oka pamoja na fuvu. Usipoiona kwenye ubongo, geuza kifuniko cha fuvu utaikuta imenata upande wa ndani. Wanaokosea hapa huchota kipande cha tishu ya jirani na kukiita tezi ya usiku yenye utendaji mdogo.

mwanafunzi_vimengenya

Nashukuruni sana, wakuu. Hesabu ya DTT imeniamsha. Maswali mawili yamebaki. Hapa hakuna kibali cha kaboni-14, ila kuna HPLC, mashine ya kutenganisha kemikali kwenye safu, yenye kigunduzi cha mng'ao. Je, inatosha? Na ZT14 kubaki chini kama mchana, nalo ni kosa la mkono wangu?

bafa_na_pipeti

HPLC inatosha, tena vizuri. Indoli zote zinang'aa zenyewe bila kupakwa rangi: piga mwanga wa nanomita 285, soma kwenye takribani 350. Komesha mmenyuko kwa asidi ya pakloriki, zungusha kwenye sentrifuji kwa kasi ukiwa na ubaridi, ingiza maji ya juu kwenye safu ya C18. Kimiminika kikiwa na asidi kidogo, triptamini inabeba chaji na kutoka mapema, N-asetilitriptamini inachelewa. Zinaachana vizuri. Nunua N-asetilitriptamini safi utengeneze mstari wa kulinganishia, kisha ongeza kiasi kinachojulikana kwenye rojo ya tezi ya mchana uone kama unakipata chote. Kwa njia hii DTT haikusumbui tena, ibakize.

Kila tezi iwe na mrija wake usio na triptamini na mwingine wenye rojo iliyochemshwa. Usichanganye tezi 4 kwenye mrija mmoja. Tezi moja inatosha kwa mng'ao, na ukizichanganya hutajua kama panya mmoja aliona mwanga.

Jambo moja dogo lenye uzito: ukitumia triptamini nyingi siku zote, unaona wingi wa kimeng'enya tu. Badiliko la 14-3-3 linaongeza hasa uwezo wa kushika malighafi ikiwa haba. Ukitaka kuliona, rudia baadhi ya tezi kwa triptamini kidogo, chini ya kiwango cha kushibisha.

usiku_wa_manane

ZT14 si kosa. Kwa panya wakubwa kimeng'enya hakikai tayari kikisubiri giza. Giza likiingia, noradrenalini inatoka, jeni inawashwa, mRNA inaandikwa, ndipo protini inatengenezwa. mRNA yenyewe hupanda zaidi ya mara 100. Kazi hiyo inachukua saa kadhaa, kwa hiyo ZT14 chini na ZT18 kileleni ndiyo sura halisi. Ukizuia uandishi wa mRNA kwa aktinomaisini D jioni, hakipandi kabisa.

Usihamishie sura hii kwa wanyama wote. Kondoo ana mRNA nyingi mchana na usiku, inabadilika kwa kiasi cha mara 1.5 tu, na nyani wa rhesus naye mRNA yake iko juu muda wote. Protini inatengenezwa na kusagwa mchana kutwa. Giza likiingia usagaji unasimama, na utendaji unapanda ndani ya dakika, si saa. Anayepima mRNA peke yake kwa kondoo ataandika kwamba hakuna mdundo, na atakuwa amekosea.

Kuhusu ratiba, pima ZT6, 10, 12, 14, 16, 18, 20, 22, 23 na ZT1, panya 6 kila wakati ikiwezekana. Jioni na alfajiri ndiko mstari unakopinda, mchana ni tambarare, pointi mbili zinatosha.

Halafu saa yetu ya Kiswahili ndiyo ZT yenyewe, mradi taa ziwake saa 12 asubuhi. Saa 4 asubuhi ni ZT4, saa 12 jioni ni ZT12. Usiku unaongeza 12: saa 6 usiku ni ZT18, saa 10 alfajiri ni ZT22. Hatari ni lebo ya "saa 6" bila neno la pili. ZT6 na ZT18 zote ni saa 6, na hizo ndizo nyakati mbili zinazotofautiana kuliko zote. Andika zote mbili kwenye mrija.

kuku_na_vipanya

Kwenye C57BL/6 hakuna cha kutafuta. Jeni yao ya AANAT ina kasoro inayoharibu ukataji wa mRNA, protini inatoka fupi isiyofanya kazi. Hili limeelezwa tangu 1998. Kama lazima uwe na vipanya, chukua CBA au C3H, hao wanatengeneza melatonini. C3H ana retina inayopoteza fimbo mapema na koni baadaye, lakini seli za melanopsini zipo, kwa hiyo mwanga bado unazima tezi yake. Usimchukulie kama kipofu kwenye giza lako.

Na kama tatizo ni bajeti, fikiria vifaranga vya kuku. Tezi pineali ya kuku ina saa yake ndani na inaona mwanga yenyewe. Ukiitoa na kuitunza kwenye sahani kwa nyuzi 39 hadi 40, AANAT inaendelea kupanda na kushuka hata kwenye giza la kudumu, bila neva wala SCN. Ila mambo matatu yanageuka. Noradrenalini kwa kuku hupunguza melatonini kupitia vipokezi vya alfa-2, haiongezi. Taa nyeupe baada ya kutoa kichwa hairuhusiwi, tezi bado inaona. Na mpigo wa mwanga unapima tezi yenyewe, si njia nzima ya jicho.

Tezi ya panya kwenye sahani ni habari nyingine. Haina mdundo wake, inasubiri kuambiwa. Itunze siku 2 kwenye maji lishe ya BGJb, nyuzi 37, oksijeni asilimia 95 na kaboni dayoksaidi 5, ili ncha za neva zilizobaki zife. Kisha weka noradrenalini mikromola 1 hadi 10 na uvune baada ya saa 6. Usiruke siku hizo 2, ncha hai hunyonya noradrenalini yako kabla haijafika kwenye seli. Kwa mnyama mzima ncha hizohizo ndizo zinazoizuia adrenalini ya damu isiiamshe tezi mchana. Ukitaka kuthibitisha usagaji, ondoa noradrenalini na kuweka propranololi, inayoziba vipokezi vya beta: utendaji unaporomoka. Rudia kukiwa na MG132 inayozuia proteasomu, na utaona unabaki juu.

giza_totoro

Nyongeza kuhusu taa, kwa maabara ambako umeme hukatika. Giza la mchana halipandishi AANAT, kwa sababu SCN inaizuia PVN mchana hata pasipo mwanga. Kukatika kwa umeme saa 8 mchana hakuharibu siku hiyo. Kinachoharibu ni kipima muda cha kuzunguka chenye vipini: umeme ukikatika kwa muda wa saa 3, nacho kinasimama kwa muda huohuo, na kuanzia hapo taa zinachelewa kwa muda wa saa 3 bila mtu kujua. ZT18 yako inakuwa ZT15. Tumia cha dijitali chenye betri, na uweke kirekodi kidogo cha mwanga ndani ya chumba kwa wiki 2 za kuwazoesha panya. Kosa la pili ni umeme kurudi usiku na taa kuwaka sekunde chache kabla kipima muda hakijazizima. Hata dakika moja ya mwanga inatosha kuishusha. Ikitokea kabla ya usiku wa manane inaweza kupanda tena baadaye, ikitokea baada ya hapo haipandi tena usiku huo. Kirekodi kikionyesha mwanga usiku, ahirisha, wape panya siku kadhaa za mzunguko safi.

Na kabla ya kutumia panya 60, fanya jaribio la panya 9: watatu ZT6, watatu ZT18 gizani, watatu ZT18 baada ya dakika 15 za taa nyeupe. Kundi la pili likiwa juu sana na la tatu limerudi karibu na la kwanza, mikono, barafu na kipimo vyote viko sawa. Makundi ya pili na ya tatu yakilingana chini, mwanga unavuja au tezi zinaganda kwa kuchelewa. Yakilingana juu, unachopima si AANAT.